Barua kwa Mwanangu: Mto wa Misri, Milima ya Wagiriki

Mwanangu,

Hapa nyumbani hatujambo. Mama yako anakusalimu na anauliza kama ile samli ilifika salama.

Ijumaa simu ilikatika kabla sijakujibu. Uliuliza imekuwaje Misri ya kale ikawa dola moja tangu yapata mwaka 3100 KK, ilhali Wagiriki, wenye lugha moja na miungu ileile, walikaa katika mamia ya miji iliyojitawala na kupigana wao kwa wao. Ukauliza: ni tabia tu?

Mimi si msomi, nilikuwa baharia. Nitakujibu kibaharia.

Nile unatiririka kwenda kaskazini, lakini upepo wa kule mara nyingi huvuma kutoka kaskazini. Basi ukishuka na maji, unatua tanga na kuuachia mkondo ukuchukue. Ukitaka kurudi kusini, unatweka tanga. Wamisri waliyaandika hayo katika maandishi yao ya picha: safari ya kusini ni chombo chenye tanga, ya kaskazini ni chombo kilichotua tanga. Njia ni moja, jangwa huku na huku, na karibu watu wote wako ukingoni. Aliyeushika mto amewashika wote, maana askari, nafaka na mtoza ushuru hupita mlemle. Mkwepa kodi akimbilie wapi?

Ugiriki ni kinyume chake. Milima imekata nchi vipande vipande, na mabonde mengi mlango wake ni bahari. Jirani wa nyuma ya mlima anakuwa mbali kuliko mtu wa kisiwa cha ng'ambo. Na visiwa vya Aegean, bahari ya Wagiriki upande wa mashariki, vimesongamana, hata siku ya hewa safi nahodha hakai muda mrefu bila kuona nchi kavu.

Nikuambie kilichonishangaza nilipofika Piraeus, bandari ya Athens, mara ya kwanza: maji hayapwi! Yanapwa, ndiyo, lakini kidogo mno, jicho halioni. Sisi wa pwani hii, siku za bamvua, ukikosea saa chombo kinalala ubavu mchangani hadi maji yajae tena. Kule watu wa kale walivuta merikebu zao za makasia ufukweni saa yoyote na kuzishusha saa yoyote. Kwa hiyo hata kamji kadogo kangeweza kuwa na vyombo vyake, sheria zake, na jeuri yake.

Udongo wa Athens na viunga vyake ni mwembamba. Mizeituni na mizabibu inastawi, ngano haitoshi. Wakauza mafuta, wakanunua ngano, nyingi ikitoka pwani za Bahari Nyeusi.

Lakini usinielewe vibaya, milima haikuamua kila kitu. Mwaka 483 KK machimbo ya Laurion, karibu na Athens, yalitoa madini ya fedha kwa wingi, na likatolewa wazo kila raia agawiwe drakma 10, sarafu zao. Themistokles, kiongozi wa Athens, akawashawishi wajenge meli za vita. Miaka mitatu baadaye meli hizo zilikuwa kwenye kisiwa cha Salamis, karibu na Athens, zikiwashinda Waajemi waliokuja kuivamia Ugiriki. Wangegawana zile drakma, leo tungesimuliana mambo mengine kabisa.

Na ile ngano ndiyo iliyowaponza. Mwaka 405 KK Lysander, jemadari wa Sparta, mji wa Kigiriki uliokuwa vitani na Athens, alizikamata meli za Athens huko Aegospotami, kwenye mlango-bahari wa Dardanelles, njia ya meli za ngano. Hakuhitaji kuzivunja kuta za Athens ili kuushinda mji. Mwaka uliofuata njaa iliwafanya wasalimu amri.

Mlango ule nimeupita usiku, nikiwa zamu. Pembamba kabisa hapafiki hata kilomita moja na nusu, taa za kila upande unaziona. Shehena yetu ilikuwa ngano ya Bahari Nyeusi. Wakati huo Lysander simjui, nilikuwa nahesabu siku za kurudi kwa mama yako.

Simu ikitulia niambie mwalimu wako anasemaje, hasa kuhusu habari ya maji kupwa.

Baba yako