Kilomita Peke Yake Hazikuambii Utafika Saa Ngapi

Ukitaka kujua safari ya ndege itachukua saa ngapi, kupima umbali kwenye ramani kisha kugawanya kwa kasi ya ndege si kosa, ila ramani yenyewe hudanganya. Dunia ni duara, karatasi ni bapa. Chukua tufe, kaza uzi kati ya Tokyo na New York: haukati katikati ya Bahari ya Pasifiki, unapanda kaskazini hadi jirani na Alaska. Hiyo ndiyo njia fupi, karibu kilomita 10,900.

Ukishapata namba, angalia kama ni kilomita au maili, na kama ni maili, ni ipi. Ya nchi kavu ni kilomita 1.609, ya marubani na mabaharia ni 1.852.

Kisha gawanya kwa 850. Ndege kubwa hufikia 900 hivi kwa saa ikishatulia juu, lakini hupoteza muda ikipanda na ikishuka. Ongeza nusu saa, maana muda wa ratiba huanza ndege inapoondoka getini na kuishia inapoegeshwa. Singapore hadi New York ni kilomita 15,350 hivi: saa 18 na nusu, karibu sawa na ratiba.

Upepo nao una sehemu yake. Juu kule, kati ya Ulaya na Marekani, mkondo wa upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ndiyo maana London hadi New York huchukua kama saa 8 na kurudi kama 7. Siasa pia hurefusha njia: tangu anga ya Urusi ilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, London hadi Tokyo imetoka saa 12 hivi hadi karibu 14.

Kinachowakwamisha watu zaidi ni saa za tiketi. Kila saa iliyoandikwa ni ya mji husika, kwa hiyo usitoe moja kwa nyingine kabla ya kuzigeuza zote kuwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia inayotumika kupimia saa za nchi zote. Mfano wa Januari: unaondoka Tokyo 17:00, unafika Los Angeles 10:00 tarehe ile ile. Tokyo iko mbele ya UTC kwa saa 9, hivyo umeondoka 08:00 UTC. Los Angeles iko nyuma kwa saa 8, hivyo umefika 18:00 UTC. Ni saa 10 angani. Kuwa mwangalifu Machi na mwishoni mwa Oktoba: Marekani na Ulaya hazibadilishi saa katika wiki ile ile, na tofauti ya London na New York hushuka kutoka 5 hadi 4 kwa muda.

Kama unaunganisha ndege kwa tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, tafadhali usiache saa moja na nusu tu kati yake. Mara nyingi utapita uhamiaji, utasubiri mizigo, utaikabidhi upya, na kaunta za safari za mbali nyingi hufungwa dakika 60 kabla ya kuondoka. Saa 4 ndiyo tungeziita salama.

Na kwa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili: tiketi ikisema 00:30 tarehe 12, hiyo ni saa 6 na nusu usiku, na uwanjani unatakiwa jioni ya tarehe 11. Anayekwenda jioni ya tarehe 12 atakuta ndege imeondoka zamani.