Mashine ya Gemu na Mlango wa Diski: Majibu kwa Wasomaji wa Kanda ya Kati

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni kijana ninayeishi Nkuhungu, Dodoma. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiweka akiba ili ninunue mashine yangu ya gemu, niache kulipia muda kibandani. Nimepata mbili: PS4 Slim (PlayStation 4 ya umbo jembamba) iliyotumika, ambayo inaingiza diski, na Xbox Series S mpya, ambayo haina mlango wa diski kabisa. Muuzaji anasema zama za CD zimekwisha na kwamba nitajuta nikichukua ya zamani. Nyumbani sina intaneti ya waya, natumia bando la simu. Nichukue ipi?
Msomaji, Nkuhungu

JIBU: Kaka, chukua yenye mlango wa diski.

Sisemi hivyo kwa kuidharau Xbox Series S. Ni mashine nzuri, iliyotoka Novemba 2020 pamoja na Series X, na gemu hufunguka humo kwa haraka ambayo PS4 haiwezi kuifikia. Shida ni kwamba kila gemu utakayoicheza humo lazima ipite kwenye intaneti, halafu ikae ndani ya hifadhi ya GB 512, ambayo ukiondoa sehemu inayochukuliwa na mfumo wenyewe hubaki kama GB 364. Red Dead Redemption 2 peke yake inazidi GB 100, na kwa PS4 ilitolewa mwaka 2018 ikiwa na diski mbili ndani ya kasha moja. Hebu piga hesabu ya bando la simu kwa gemu hiyo moja, kisha ukumbuke kwamba hifadhi ikijaa utalazimika kuifuta, na siku ukiitamani tena utaipakua upya kuanzia mwanzo.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ni kubwa kuliko bando. Nilianza kucheza katika kibanda kimoja pale Majengo, tukiwa wanafunzi wanne kwenye benchi moja mbele ya PS2, na miaka ilipopita kila mmoja akapata mashine yake, kilichoendelea kutukutanisha ni diski. Mmoja akinunua gemu mpya, anaimaliza kwa mwezi mmoja, anaiazima kwa jirani, jirani anaibadilisha na nyingine Chang'ombe, na mwisho wake inauzwa ili pesa ichangie inayofuata. Nimewahi kuona diski moja ikipita nyumba tano bila mtu hata mmoja kujiona amepunjwa. Gemu iliyonunuliwa kwenye akaunti haiendi popote: huwezi kuiuza, na huwezi kumpa mdogo wako anayehamia Manyoni bila kumpa pia akaunti yako.

Haki hiyo ya kuazima nusura ipotee mwaka 2013. Microsoft ilipotangaza Xbox One, ilieleza kwamba mashine hiyo ingepaswa kuingia kwenye intaneti angalau mara moja kila saa 24 na kwamba kuuza au kugawa gemu zilizotumika kungewekewa masharti. Wachezaji walipiga kelele duniani kote. Sony ikatumia nafasi hiyo kutangaza kwamba diski za PS4 zingeazimwa na kuuzwa kama kawaida, na tarehe 19 Juni mwaka huohuo Microsoft ikayafuta masharti yake kabla mashine haijafika madukani. Leo jambo lile linarudi polepole, bila tangazo la kutisha. PS5 Pro ya mwaka 2024 inauzwa bila kisoma diski, na baadhi ya kadi za gemu za Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025, zimebeba ufunguo tu, huku gemu yenyewe ikibidi kupakuliwa. Maduka ya mtandaoni nayo hufungwa: lile la mashine za Nintendo za Wii U na 3DS liliacha kuuza Machi 2023, na la Xbox 360 Julai 2024. Diski ya PS2 niliyonunua nikiwa shule bado inasomeka.

Muuzaji wako ana ukweli upande mmoja, na sitauficha. PS4 ilianza kuuzwa Novemba 2013, na gemu kubwa zinazoiruka zinaongezeka kila mwaka. Tena diski haikuondolei intaneti yote, kwa maana gemu hunakiliwa kwenye hifadhi ya mashine na marekebisho yake bado hupakuliwa. Hata hivyo gemu ya mpira ya EA Sports FC, iliyochukua nafasi ya jina la FIFA mwaka 2023, imeendelea kutolewa kwa PS4, na eFootball ya Konami, ambayo wengi bado tunaiita PES, ni ya bure. La muhimu zaidi ni kwamba PS5 yenye kisoma diski inacheza karibu gemu zote za PS4. Kwa hiyo diski utakazokusanya sasa zitahama nawe siku utakapopanda daraja. Siku hiyo ikifika, angalia ni PS5 ya namna gani: toleo lisilo na diski la mwaka 2020 haliwezi kuongezewa kisoma diski, lakini toleo jembamba la mwishoni mwa 2023 linaweza kupachikwa kisoma hicho baadaye, ilimradi uliunganishe na intaneti mara moja wakati wa kukisajili.

Kabla ya kutoa pesa, omba mashine iwashwe mbele yako na uicheze nusu saa nzima. Angalia namba ya modeli kwenye kibandiko cha mashine, kwani ya Slim huanza na CUH-2, ilhali ya toleo la kwanza huanza na CUH-1. Nenda na diski yako mwenyewe, uitie na kuitoa mara tatu. Chezesha waya wa HDMI kidogo uone kama picha inakatika, kisha ingia gemu ya mpira na uache vijiti vya pedi bila kuvigusa: mchezaji akitembea mwenyewe, kijiti kimechakaa. Mwisho, ingiza akaunti yako na uhakikishe mashine inaunganika na PlayStation Network, mtandao wa Sony wa kununua na kucheza gemu, kwa kuwa mashine inaweza kufungiwa na Sony kwa makosa ya mmiliki wa awali, na hilo halionekani kwa macho. Ukiambiwa imechipiwa, yaani imechezewa ili ikubali gemu za wizi, na imejaa gemu za bure, usiichukue. Haitakiwi kuunganishwa na mtandao wala kusasishwa, na waliozitengeneza gemu hizo hawakulipwa kwa nakala hizo.

Kuhusu akaunti, Tanzania haimo katika orodha ya nchi za PlayStation Network, na barani Afrika ni Afrika Kusini tu iliyomo, ndiyo maana wachezaji wengi hapa nchini wana akaunti za nchi nyingine. Jua kwamba nyongeza za gemu zinazouzwa kwenye duka la mtandaoni la akaunti yako sharti zilingane na eneo la diski, la sivyo pesa yako itapotea bure.

SWALI: PS4 yangu, ya lile toleo la kwanza, siku hizi inalia kama mashine ya kusaga mahindi, na baada ya dakika ishirini hivi inatoa onyo la joto na kuzima. Naishi Ipagala, na umeme nao hukatika nikiwa katikati ya gemu. Je, imekufa?
Msomaji, Ipagala

JIBU: Haijafa, inakabwa na vumbi. Hapa Dodoma, kuanzia Mei hadi Novemba mvua huwa ni hadithi, na upepo huleta vumbi jekundu hadi ndani ya kabati lililofungwa. Feni ya PS4 huvuta hewa kupitia mianya ya pembeni na kuitoa nyuma. Vumbi linapojishindilia kwenye mapezi ya chuma yanayopoza chipu, joto hukosa njia, feni huongeza kasi, na ukelele unaousikia ndio huo. Mara nyingi pia grisi ya joto iliyo kati ya chipu na chuma hicho imekauka kwa umri.

Mpelekee fundi mwenye bisibisi ya nyota yenye tundu katikati na mwenye blowa, na umwombe aishike feni kwa kijiti wakati anapuliza, kwa sababu ikizungushwa ovyo na upepo inaweza kuharibika. Abadilishe na grisi. Kazi hiyo ifanyike walau mara moja kwa mwaka, na kwa mazingira yetu mimi huifanya mara mbili, mwanzoni na mwishoni mwa kiangazi. Mashine ikae juu ya meza, mbali na zulia na mbali na ukuta. Nimeona watu wakiifunika kitambaa cha kufuma ingali inawaka ili kuikinga na vumbi; tafadhali, kitambaa ni cha wakati imezimwa tu. Wenye PS5 watambue kwamba chipu yao inapozwa kwa metali ya majimaji, ambayo hupitisha umeme, hivyo fundi asiyeifahamu asifungue sehemu hiyo. Wao wanaweza kuvua vifuniko vya pembeni kwa mikono na kufyonza vumbi kwenye matundu yaliyowekwa makusudi.

Umeme unapokatika, hatari huwa kwa diski ngumu iliyokuwa ikiandika. Mashine ikianza kusuasua baada ya hapo, izime, kisha ushikilie kitufe cha kuwashia kwa kama sekunde saba hadi usikie mlio wa pili, uunganishe pedi kwa waya, na kwenye orodha itakayotokea uchague namba 5, inayopanga upya orodha ya mafaili bila kufuta gemu zako. Ukiweza, nunua betri ya dharura ya kompyuta. Toleo lako la kwanza limeandikiwa kikomo kisichozidi wati 250, na hata likizifikia zote, uniti moja ya LUKU inatosha kama saa nne, kwa hiyo si mzigo mkubwa kwa betri ya kawaida.

SWALI: Mwanangu ana miaka 11 na anataka nimnunulie mashine ya gemu. Kwa sasa anakwenda kibandani, na nimesikia anacheza Grand Theft Auto. Naogopa akiwa nayo nyumbani atakuwa mraibu. Nifanyeje?
Mama, Singida

JIBU: Shikamoo, mama. Mnunulie, ikae sebuleni. Kibandani huoni anachocheza, na gemu uliyoitaja imewekewa alama ya umri ya PEGI 18 huko Ulaya, maana yake si ya mtoto wako. Namba hiyo huandikwa mbele ya kasha, na gemu nyingi za mpira zina 3. Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, lakini linazungumzia mtu aliyeshindwa kujizuia, anayeitanguliza gemu mbele ya mambo mengine yote na kuendelea licha ya madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12. Mtoto anayelia kwa kuambiwa azime siye huyo.

Nunua yenye diski, kwa sababu hata gemu ikishanakiliwa ndani ya PS4, mashine hudai diski yake iwemo kila inapochezwa. Diski zikikaa kabatini kwako, ratiba ni yako. Ongeza pedi ya pili, na siku moja moja jioni ukae ucheze naye. Vitufe vya pasi na shuti atakufundisha yeye.