Maswali ya Wasomaji: Njia ya Baiskeli na Miguu Kutoka Bujora Hadi Ziwani

SWALI: Shikamooni wahariri. Sisi ni kikundi cha vijana hapa Kisesa. Tunataka kuanzisha njia ya watalii, ya miguu na ya baiskeli, kutoka Makumbusho ya Bujora, ya utamaduni wa Wasukuma, hadi mwaloni Kayenze kwenye Ziwa Victoria, kilomita ishirini na kitu kwa kupita vijijini. Wazee wanasema tutafute kwanza mfadhili wa kuchonga barabara. Tuanzie wapi? — *Msomaji, Kisesa*

JIBU: Marahaba. Mfadhili asubiri. Njia mnayo tayari: mapalio ya ng'ombe, vijia vya kwenda kisimani na barabara za vumbi zinazounganisha vitongoji. Kazi yenu ni kuchagua, kuunganisha na kuzuia maji yasiile.

Ipiteni yote kwa miguu mara mbili, mwezi wa 8 na tena mwezi wa 4 siku moja baada ya mvua kubwa, simu ikiwa inarekodi njia kwa GPS. Safari moja haitoshi kwa sababu udongo wa Usukumani una tabia mbili. Luseni, ule mchanga wa miguuni mwa vilima vya mawe, hukauka kiangazi hadi gurudumu linazama. Mbuga, udongo mweusi wa mabondeni, kiangazi ni mgumu kama sakafu, lakini masika unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Kila mnapokuta mbuga, tafuteni mchepuko wa juu kidogo, hata ukiongeza kilomita 1. Msipoupata, tangazeni kipande hicho kimefungwa masika. Kukifunga si aibu. Mgeni aliyebeba baiskeli begani nusu saa ndiye atakayewaharibia jina.

Maji ndiyo adui wa pili. Palio linaloshuka kilima moja kwa moja ni mfereji uliosubiri mvua, na kwato zimekwisha kulilegeza. Lizungusheni likate kilima kwa mshazari, mwinuko wake usizidi nusu ya mwinuko wa kilima chenyewe, na kwa wastani usipite mita 1 ya kupanda kwa kila mita 10 za kwenda. Uso wa njia uinamie kidogo upande wa bondeni. Pale msipoweza kukwepa mteremko, chimbeni vikinga maji vya mshazari kila mita 15 hadi 20: kina sentimita 15, udongo uliochimbwa ushindiliwe upande wa chini, na mdomo wa kutolea maji uwe wazi. Vingi hufa kwa sababu ya huo mdomo. Ukiziba kwa majani, maji yanaruka juu na kuondoka na tuta lote, kwa hiyo kila baada ya mvua kubwa mtu apite na jembe. Upana wa mita 1.2 unatosha. Matawi yakatwe hadi mita 2.5 juu, maana mwendesha baiskeli ni mrefu kuliko anavyojidhania.

Upande wa ruhusa, angalieni mpaka. Kisesa iko Wilaya ya Magu, kwenye serikali za vijiji. Kayenze iko Manispaa ya Ilemela, kwenye serikali za mitaa. Upande wa Magu mnahitaji muhtasari wa mkutano mkuu wa kila kijiji mnachopita, si barua ya mwenyekiti peke yake, kwa sababu mwenyekiti anayefuata anaweza kuikana. Upande wa Ilemela nendeni pia idara ya mipango miji muone michoro: kijia kinachopita leo kwenye mihogo kinaweza kuwa katikati ya kiwanja cha mtu mwakani. Barabara za vumbi zilizo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mnaweza kuzipita bila shida, ila msichimbe wala kusimika kitu bila wao. Njia ikikata shamba la mtu, mwandikiane: upana, miaka, na nani atalipa ng'ombe au mgeni akivunja mahindi. Na mkifika ziwani, msijenge kibanda cha kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, na kibanda ndicho huvunjwa kwanza.

Jambo moja mmelisahau. Kilomita ishirini na kitu ni za baiskeli. Mtembea kwa miguu mwenye mkoba huenda kilomita 4 kwa saa, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda; akiondoka saa 1 asubuhi, saa 6 mchana jua linamkuta bado njiani. Mtengenezeeni mzunguko wake wa kilomita 6 hadi 8 kuzunguka Bujora, unaoanza na kuishia makumbusho. Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma inayokwenda pamoja na sikukuu ya Ekaristi, kwa kawaida huangukia mwezi wa 6, wakati njia imekauka na wageni wa ngoma wamekwisha kufika wenyewe. Fungueni wakati huo.

SWALI: Tulisimika vibao 11 vya bati kwenye nguzo za chuma. Baada ya miezi miwili vimebaki 3. Tufanyeje? — *Msomaji, Magu*

JIBU: Chuma chochote kinachosimama peke yake porini kina mnunuzi wa vyuma chakavu anayekisubiri. Mmezungukwa na mawe makubwa, basi andikeni juu ya mawe. Sugueni kwa brashi ya waya hadi ukungu utoke, acheni jiwe likauke kabisa, kisha pakeni rangi ya mafuta kwa kiolezo cha plastiki: mstari wa sentimita 10 kwa 5, njano kwa miguu, nyeupe kwa baiskeli, tabaka 2. Rangi ikipakwa kwenye jiwe lenye unyevu wa asubuhi hubanduka kama ganda. Msipake mawe ya matambiko wala yenye michoro ya kale. Ulizeni wazee kabla brashi haijatoka mfukoni.

Alama iwekwe mahali pa kuamua, si mahali panapopendeza: mita 10 kabla ya njia panda, kwenye njia panda yenyewe, na nyingine mita 30 baada yake kumhakikishia mgeni kuwa hajapotea. Katikati, moja kila mita 250 inatosha. Kisha mpeni mtu asiyeijua njia aifuate peke yake, nanyi mfuate kimya nyuma. Anaposita, hapo pana upungufu. Irudieni kinyume pia, kwa sababu alama inayoonekana ukienda ziwani hujificha nyuma ya jiwe ukirudi.

Mahali pasipo na jiwe, pandeni nguzo fupi ya zege, sentimita 15 kwa 15, urefu mita 1.2 na nusu mita iwe ardhini. Kokoto zake zichanganywe na vipande vya chupa, asitamani mtu kuipasua atafute nondo. Nondo hamkuweka.

SWALI: Kwa kukodisha, tununue Phoenix au baiskeli za gia za mtumba? Na pancha tutazimudu vipi? — *Msomaji, Igombe*

JIBU: Phoenix ni imara, ina keria, na kila fundi anaijua. Kwa mgeni ina kasoro tatu: ni nzito, haina gia, na breki zake za vyuma zikilowa kwenye mteremko hazishiki. Kwa njia yenye vilima nunueni za gia za inchi 26, zote za aina moja kadiri iwezekanavyo ili vipuri viingiliane. Hakikisheni valvu ni ile kama ya pikipiki, maana pampu yake iko kila kijiwe cha bodaboda. Ila msiwaachie kompresa: inapasua tyubu ya baiskeli kwa sekunde chache. Psi 40 kwenye barabara ngumu, 25 hadi 30 kwenye luseni.

Adui wa tairi ni mbigili na miiba ya migunga. Kateni tyubu kuukuu kwa urefu, muondoe sehemu ya valvu, muitandaze ndani ya tairi kama bitana, iwe kati ya tairi na tyubu nzima. Inapunguza pancha sana. Kiraka kikibanduka, kosa kwa kawaida ni haraka: sugua kwa msasa, paka solusheni nyembamba eneo pana kuliko kiraka, subiri dakika 5 hadi mng'ao wake uishe, ndipo ubandike na kukandamiza. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa cha pamba ndani ya tairi. Kitanasa mwiba uliobaki. Usipofanya hivyo utaziba tundu lile lile mara tatu na kumlaumu fundi.

Kwa baiskeli 10 wekeni tyubu 8, viraka boksi 2, waya za breki 6, padi za breki jozi 10, spoku 20, cheni 2, pampu 2, spana ya 15 ya pedali na funguo za L za 4, 5 na 6. Cheni ipakwe oili nyepesi kisha ifutwe. Oili chafu ya gari inakusanya vumbi na kuitafuna cheni.

Kuhusu bei: msitoze kiingilio cha njia. Ina milango ishirini na barabara ni ya umma, mtagombana kila siku. Tozeni vinavyotumika: baiskeli, mwongozaji, na chakula kwa mama ntilie mwaloni, aliyepigiwa simu jioni iliyotangulia ajue wageni ni wangapi. Sato wa kusubiriwa kwa muda wa saa 2 huua safari ya kurudi.

SWALI: Wageni wakifika ziwani wanataka kuoga. Tuwaruhusu? — *Msomaji, Kayenze*

JIBU: Hapana, hata wakiomba kwa machozi. Kichocho huingia kupitia ngozi, na konokono wake wanapenda maji ya kina kifupi yenye majani, ndiyo hasa yale ya ukingoni. Kujifuta taulo haraka si kinga ya kutegemea. Aliyekwisha kuingia aende kupimwa wiki 6 hadi 8 baadaye, maana akipima kesho yake hataonekana na kitu. Wawekeeni maji ya kuoga kwenye pipa lililofunikwa na kukaa siku 2 bila konokono. Ya kunywa yachemshwe. Matete yenye nyayo za kiboko yapiteni mbali, na saa 11 jioni kila baiskeli iwe imeondoka ufukweni.