Kupima Damu ya Ubongo Bila Sindano

SWALI: Ami yangu alipasuliwa uvimbe wa ubongo, kisha akatibiwa kwa mionzi. Sasa limeonekana doa jipya, na kwa kuwa figo zake ni dhaifu, daktari anasita kumdunga dawa ya kung'arisha picha. Nasikia watafiti hupima damu ya ubongo bila dawa hiyo. Yawezekanaje?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Yawezekana, kwa sababu maji yaliyomo katika damu yenyewe yaweza kutiwa alama. Mashine ya MRI, ipigayo picha za ndani ya mwili kwa sumaku, hutuma mawimbi ya redio shingoni, ikageuza usumaku wa maji katika mishipa inayopanda kichwani, ikangoja kama sekunde 2 damu hiyo iingie ubongoni, ndipo ikapiga picha. Picha nyingine hupigwa bila alama, na tofauti ya hizo mbili ndiyo damu iliyofika. Mbinu hii, iliyoelezwa mwaka 1992, ina udhaifu: tofauti hiyo ni kama asilimia 1 tu ya mng'ao, hivyo picha hurudiwa mara nyingi, na mgonjwa akitikisa kichwa kazi huharibika.

Kiasi cha damu husaidia kukisia doa ni nini: uvimbe unaorudi kwa kawaida hupata damu nyingi, ilhali tishu iliyokufa kwa mionzi hupata kidogo. Hata hivyo madoa mengine huchanganya yote mawili. Muulizeni daktari pia ni dawa gani aliyokusudia, kwani zipo dawa za kung'arisha picha zenye gadolini, aina ya metali, ambazo hatari yake kwa wenye figo dhaifu ni ndogo sana.