Uliza Anko Lenzi: Skopu ya dola 900 na nyumba bado haijaezekwa

*Kila mwezi Anko anajibu maswali yenu ya kamera, darubini, miwani na kila kitu chenye kioo. Andika kwa ufupi, useme uko wapi na pesa uko nayo ni ngapi.*

SWALI: Anko habari yako. Mzee wangu ako Minnesota, anafanya kazi kwa nyumba ya kutunza wazee, na wenzake wa kazi wamemwalika kuwinda kulungu hii Novemba. Bunduki ashanunua, ni ya 308, anasema iko kihalali. Sasa ananiambia bunduki bila skopu, ile darubini ya kulengea inayofungwa juu yake, haina maana na ameona moja ya 6-24x50 ya dola 900, na sisi hapa Kiamunyi nyumba imefika lenta ikasimama, tunangoja mbao na mabati. Nikimwambia atafute ya bei ya chini anasema mimi sielewi, ati ya rahisi itamwaibisha mbele ya watu. Ni kweli ama kuna ya bei nafuu yenye itafanya kazi? Nijibu nimtumie hii page. – Mama Shiro, Nakuru

JIBU: Mama Shiro, mtumie yote, asije akasoma tu pale panamfurahisha.

Wacha nianze na kumtetea kidogo. Hajakosea kusema skopu ni muhimu. Hao kulungu wa huko wenye mkia mweupe hutembea sana alfajiri na jioni, na sheria ya Minnesota inaruhusu kupiga kuanzia nusu saa kabla jua lichomoze mpaka nusu saa baada ya kutua, kwa hivyo ule wakati mzuri zaidi ndio ule wakati giza linabishana na mwanga, na hapo macho peke yake hayakusaidii. Lakini sasa hapo hapo ndipo hiyo ya dola 900 inaangukia, na si kwa sababu ni mbaya, ni kwa sababu ilitengenezewa mtu mwingine, mtu wa kulala chini kiwanjani akipiga karatasi iko mbali sana mchana kweupe.

Baba Shiro, chukua kalamu. 6-24x50 maana yake inakuza kuanzia mara 6 mpaka mara 24, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 50. Gawa 50 kwa 24, unapata kama 2.1. Hiyo ndiyo milimita ya mwanga inayotoka nyuma kuingia kwa jicho lako ukiiweka kwa ukuzaji wa mwisho. Jicho la mtu mzima kwa giza la jioni hufunguka kama milimita 5, kijana anaweza kufika 7. Sasa wewe umelipa dola 900 na jicho limefunguka likingoja mwanga na unalipatia milimita 2.1 tu, utaona kulungu kama kivuli ndani ya moshi. Chukua ile ya kawaida kabisa ya 3-9x40, ile kila mzee wa huko ako nayo. Iweke kwa 9, gawa 40 kwa 9, ni 4.4. Ishushe mpaka 6 ni 6.7, tayari inatosha karibu jicho lolote. Skopu ya robo ya bei, na jioni inaishinda ile ya dola 900.

Utaniambia hiyo kubwa nayo si unaishusha tu mpaka 6. Ni sawa, mwanga utapata. Lakini 6 ndiyo chini yake, haiendi chini zaidi, na ukikaa kwa msitu ule wa kaskazini ya Minnesota kulungu anatokea ghafla mita 40 kutoka ulipo, katikati ya miti. Kwa 3 unaona upana wa kama futi 33 ukiangalia umbali wa yadi 100, kwa 6 upana huo unakatika karibu nusu, na kwa mita 40 ni kidogo zaidi, utaona manyoya tu hujui ni bega ama ni matako, na ukiendelea kutafuta kichwa yeye ashaenda. Kama hao wenzako huwinda kwenye mashamba ya mahindi ambapo ni wazi, hata huko 9 inatosha. Mahali pa kulenga kwa kulungu, pale nyuma ya bega kwenye moyo na mapafu, ni pana kama sahani ya inchi 8 hivi. Huhitaji kuhesabu kope zake.

Kwa hivyo 3-9x40, ama 2-7x33 kama ni msitu mtupu. Hapo tumemaliza namba.

Sasa pesa inafaa kwenda wapi? Kwa kioo na kwa rangi yake. Zile lenzi hupakwa tabaka nyembamba sana kupunguza mwanga kurudi nje, na kwa boksi wataandika vile zimepakwa, angalia iseme *fully multi-coated*, yaani kila uso wa kila lenzi unaogusana na hewa umepakwa tabaka nyingi. Ikisema tu *coated* ujue labda ni lenzi moja ilipakwa mara moja wakaishia hapo. Hii ndiyo tofauti unaiona jioni, siyo unene wa bomba, ule mwili wa skopu. Watu hudanganywa sana na bomba, ati la milimita 30 linaleta mwanga zaidi ya lile la inchi moja, hapana, linakupa nafasi zaidi ya kurekebisha skopu juu chini na linakuwa na nguvu kidogo, kwa kulungu wa yadi 100 hulihitaji.

Halafu iwe imejazwa gesi ya naitrojeni ama agoni ndani, maana Novemba ya Minnesota siyo Novemba ya Nakuru, utatoka kwa gari lenye hita uingie kwa baridi ya kuganda na skopu yenye hewa ya kawaida ndani itafanya ukungu upande ambao huwezi kupangusa.

Na kitu wengi hawaangalii dukani ni umbali wa jicho. Skopu nzuri ya 308 inakuruhusu kuona picha nzima jicho likiwa nyuma kwa inchi 3.5 mpaka 4. Hiyo bunduki inapiga teke, na skopu ya kulazimisha uso usogee karibu itakukata juu ya jicho, ile alama ya mwezi mchanga utaiona kwa wawindaji wengi, hawapendi kueleza walivyoipata.

Mistari ya ndani chagua ile ya kawaida, minene pembeni na myembamba katikati. Ile imejaa vidoti na namba kama karatasi ya hesabu itakuchanganya ukiwa na haraka.

Majina sasa. Kwa chini ya dola 200 kuna Vortex Crossfire II ya 3-9x40, na Bushnell na Burris nao wako na za saizi hiyo hiyo kwa bei za hapo hapo. Ukiweza kuongeza kidogo, Leupold VX-Freedom ya 3-9x40 mara nyingi inacheza karibu na dola 300, na hiyo mtu anaweza kumwachia mtoto wake. Mimi ningechukua Vortex nikaacha ile dola 100 ingine iende kwa mabati, na sababu yangu kubwa ni waranti, kwa sababu ya Vortex ni ya maisha, haiulizi risiti na inahama na skopu hata ukimwuzia mtu. Leupold nayo inasimamia vitu vyake vizuri sana. Ya mkono wa pili kutoka kwa kampuni kama hizo usiogope, bora iwe ya kweli, na hapo ndipo uwe macho ukinunua mtandaoni, feki za Vortex na Leupold ni nyingi na boksi limefanana mpaka mwandiko. Bei ikiwa nusu ya dukani, achana nayo. Na zile za dola 40 zisizo na jina usiguse, si kwa maringo, ni kwamba ukizungusha kliki nne, zile hatua za kurekebisha mahali risasi inagonga, inasonga mbili, halafu ukipiga risasi inasonga ingine yenyewe.

Tena asimalize pesa yote kwa skopu. Abakishe kama dola 50 ya besi na pete, zile chuma zinazoishika kwa bunduki, na azifunge na bisibisi ya kupima nguvu, skrubu za pete hukazwa kwa nguvu ya kama inchi-paundi 15 hadi 20, asome karatasi. Hii nimeona mara nyingi hata kwa darubini za watalii, mtu analaumu kioo kumbe ni skrubu imelegea. Na hii ndiyo shida ingine ya lenzi ya 50, inataka pete ndefu ili isiguse mtutu, skopu inakaa juu, shavu linaacha kitako cha bunduki unabaki umeinua shingo kama kuku anayekunywa maji, na hivyo hulengi.

Ikishafungwa aende kiwanjani mapema, siyo siku ile ya kuwinda. Aanze yadi 25, siyo 100, ili risasi ya kwanza hata ikikosa katikati bado iguse karatasi. Skopu nyingi za Marekani kliki moja ni robo inchi kwa yadi 100, kwa hivyo kwa yadi 25 kusogeza inchi moja ni kliki 16. Anapiga tatu, anaangalia zimekaa wapi, anasogeza, anaacha mtutu upoe, anapiga tatu tena. Zikikaa sawa anarudi 100, na hapo inchi moja ni kliki 4. Akisafirisha bunduki kwa gari na igongwe, arudie.

Mambo mawili ya sheria Mama Shiro, umkumbushe hata kama atanuna. Kama ako na grinikadi, kile kibali cha kuishi huko daima, sawa, lakini kama ni visa ya muda, ya shule ama ya kazi, sheria ya shirikisho inamkataza kabisa kuwa na bunduki isipokuwa awe ndani ya zile nafasi zimeruhusiwa, na moja ni kuwa na leseni halali ya kuwinda. Aulize wakili, asiulize wenzake wa kazi. Na Minnesota aliyezaliwa baada ya mwaka wa 1979 lazima awe na cheti cha usalama wa bunduki ndio apate leseni hiyo, na siku yenyewe avae rangi ya chungwa kali ama ya waridi kali ili mtu asimdhanie kulungu. Ya pili, akija likizo Desemba skopu ibaki huko. Kutoa skopu ya bunduki Marekani kunadhibitiwa, na akifika uwanja wa ndege wa JKIA nayo kwa begi hataanza likizo na nyinyi, ataanza na maofisa.

Kuhusu kuaibika mbele ya watu, wengi wa hao wenzake watakuja na 3-9x40 iliyochakaa.

SWALI: Anko kuna jamaa hapa Kondele anauza skopu ya bunduki 3,500, skopu tu bila bunduki. Mimi huenda Dunga kuangalia ndege na nataka nianze kutembeza wageni. Naweza tumia hiyo badala ya binokula? – Ochi, Kisumu

JIBU: Ochi, hapana, na usiinunue hata kama atashuka. Kwanza ukisimamishwa na askari na kitu cha bunduki ndani ya mfuko na huna leseni ya bunduki, hiyo stori ya ndege utaielezea stesheni. Pili haifai kazi yenyewe. Ni ya jicho moja, upana wake ni mdogo, na nyingi zimewekwa zione safi kwa yadi 100, sasa wewe Dunga unamtafuta yule gonoleki wa mafunjo, mwekundu kifuani na utosi wa manjano, ako mita 6 ndani ya majani, utamwona kama doa la rangi.

Tafuta binokula ya 8x42. Fanya ile hesabu ya Baba Shiro, 42 kwa 8 ni 5.25, asubuhi mapema kwa mafunjo ama ukienda ndani ya msitu wa Kakamega ambapo hata saa nne ni giza, inakutosha. Usishawishike na 20x50 za barabarani zenye lenzi nyekundu, mkono ukitetemeka kidogo ndege anacheza dansi, na huo wekundu unarudisha nje mwanga uliokuwa wako. Ukiwa kwa duka ishike mbali na uso, mkono umenyooka, ielekeze angani, uone vile viduara viwili vya mwanga nyuma. Vikiwa duara kamili, vizuri. Vikiwa vimekatwa pembeni kama mraba, prizimu ni ya bei rahisi, rudisha. Halafu angalia kiatu chako nayo, ikishindwa kukiona safi ukiwa umesimama mita 2 ama 3, itakusumbua Dunga.

SWALI: Mbona Baba fulani akienda Marekani anawinda na sisi Njoro tukiguswa na mnyama shambani hatuwezi? – Mkulima, Njoro

JIBU: Kwa sababu Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na hata ile ya kupiga ndege kama kanga na kwale iliyokuwa imebaki ikasimamishwa 2003. Minnesota serikali inakadiria idadi ya kulungu kila eneo, inauza leseni, na pesa hiyo inarudi kutunza wanyama, ni mpango tofauti kabisa na watu wanabishana mpaka leo upi ni bora, mimi hiyo siingii kwa ukurasa wa vioo. Wewe mnyama akila mahindi piga picha ya uharibifu siku hiyo hiyo kabla hujalima tena, uende kwa shirika la wanyamapori, KWS, pale geti kubwa la Lake Nakuru na uandikishe, sheria ya wanyamapori ya 2013 iko na sehemu ya fidia. Mtego wa waya usiweke.