Ndege ikianguka vitani: angalia haya kabla hujaamini habari, na kabla hujapanda

Nimefanya kwa miaka kazi ya kupakia na kufunga mizigo kwenye ndege za kukodi, zile zinazopeleka dawa, mahema na magari sehemu zenye mapigano, na kila ndege ikianguka kwenye nchi yenye vita simu yangu haitulii. Swali ni lile lile, imetunguliwa? Na la pili linafuata hapo hapo, mi nasafiri wiki ijayo napita huko, niende nisiende? Nimeona niandike yote mahali pamoja maana kuna watu wanaumizwa na taarifa za haraka haraka, na kuna wengine wanapanda ndege ambazo kiukweli hawakutakiwa kuzipanda.

Sababu inayotangazwa siku ya kwanza usiibebe. Kwenye vita kila upande una cha kupata kwenye ile ajali, kuna anayetaka aonekane ameangusha ndege na kuna anayetaka asionekane kabisa. Chukua Bagram, Afghanistan, tarehe 29 Aprili 2013. Boeing 747 ya mizigo imetoka tu ardhini, pua ikanyanyuka juu kupita kiasi, ikapoteza nguvu ya kupaa ikadondoka pale pale, watu 7 wote waliokuwemo wakafariki. Taliban wakatangaza ni wao wameitungua. Wachunguzi wa Marekani walipomaliza kazi ikaonekana hakuna kombora wala risasi, ni gari la deraya lililochomoka kwenye mikanda likarudi nyuma likavunja mifumo ya hidroliki na ule mtambo unaoendesha bawa la mkia, hapo rubani hata awe nani hawezi tena kushusha pua.

Sasa geuza upande wa pili. Tehran, tarehe 8 Januari 2020, Boeing 737 ya Ukraine inaanguka dakika chache baada ya kuruka, watu 176 wanakufa, wakubwa wa Iran wanasema hitilafu ya kiufundi, siku tatu baadaye wanakiri jeshi lao ndo lililorusha makombora mawili. Au ile Embraer ya Azerbaijan iliyoanguka karibu na Aktau, Kazakhstan, tarehe 25 Desemba 2024, watu 38 wakafa kati ya 67, habari ya mwanzo kutoka Urusi ikasema ni ndege wa angani, yaani mnyama, wamegonga. Huku mkia wa ile ndege kila mtu anauona umejaa matundu! Ilifika Oktoba 2025 ndipo Putin akakubali kwamba makombora ya Urusi yalilipuka karibu na ndege hiyo.

Kwa hiyo subiri. Mimi huwa naangalia nani anashikilia mabaki na visanduku vyeusi, waliopona wanasema nini, na kama kuna picha za bodi basi naangalia kingo za matundu zimeinamia ndani, yaani kitu kimeipiga kutoka nje, au zimetoka nje, yaani kimelipuka ndani. Nchi inayochunguza inatakiwa chini ya taratibu za ICAO, shirika la anga la Umoja wa Mataifa, itoe ripoti ya awali ndani ya siku 30, na hiyo ndo ya kuanza nayo. Na zile video za ndege ikishuka usizisambaze jamani, kuna mama anaweza kumjua mwanae kwa njia hiyo.

Kitu ambacho nataka mkielewe zaidi ya vyote ni kwamba ajali nyingi za anga wakati wa vita zinaanzia chini, mezani au kwenye zege la uwanja, saa kadhaa kabla ya injini kuwashwa. Mtu mmoja ameamua anga ibaki wazi, au mzigo uende hivyo hivyo, au hakupiga simu aliyotakiwa kupiga.

MH17 ndo mfano unaoniuma kuliko yote. Tarehe 17 Julai 2014, Boeing 777 ya Malaysia inatoka Amsterdam kwenda Kuala Lumpur, inapigwa na kombora la Buk, la kutungulia ndege, juu ya mashariki ya Ukraine, watu 298 wanakufa. Mwezi mmoja nyuma ndege ya jeshi aina ya Il-76 ilishatunguliwa Luhansk ikiua watu 49, na siku tatu tu kabla ndege nyingine ya jeshi, An-26, ikapigwa ikiwa zaidi ya mita 6,000 juu. Ukraine ilikuwa imefunga anga mpaka futi 32,000, MH17 ilikuwa futi 33,000. Na siku ile ile, kabla anga yote haijafungwa, ndege za abiria 160 zilipita eneo hilo. Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia "mbona kampuni zote zinapita tu", huo siyo ushahidi wa usalama, wale 160 nao walikuwa wanaangaliana hivyo hivyo.

Ukitaka kuangalia mwenyewe, tafuta namba ya safari yako kwenye apu za kufuatilia ndege uone siku kadhaa zilizopita imepita wapi, inazunguka au inakatiza. Safari ikiwa ndefu kwa saa nzima kwa sababu wanazunguka, shukuru, lipa ulale. Shirika la usalama wa anga la Ulaya, EASA, linatoa taarifa za maeneo ya vita na ziko wazi kwa mtu yeyote kusoma. Waandikie kampuni uwaulize wanapita wapi, wakikujibu kwa maneno matamu bila kutaja njia, tafuta kampuni nyingine.

Na hili nalisema bila kupepesa: kama nchi imerusha makombora usiku na asubuhi uwanja wake bado uko wazi, usiende uwanjani. Ile ndege ya Tehran iliruka saa chache tu baada ya Iran kupiga kambi zenye wanajeshi wa Marekani Iraq, wale askari wa mitambo ya kutungulia walikuwa macho wanasubiri kulipiziwa, na anga ya kiraia haikufungwa. Marekani ilikuwa imeshawakataza marubani wake kupita eneo hilo usiku huo huo. Tiketi inanunulika tena.

Halafu kuna kupigwa na upande wako mwenyewe, hili watu hawalifikirii. Sicily, Julai 1943, ndege 144 za C-47 zimebeba askari wa miamvuli wa Marekani, mizinga ya upande wao wenyewe, ya meli na ya nchi kavu, ikazifyatulia, 23 zikaanguka, kwa sababu taarifa kwamba zinakuja haikumfikia kila mtu. Miaka mingi baadaye, tarehe 4 Mei 2020, ndege ndogo iliyobeba vifaa vya kupambana na Covid inaangushwa ikikaribia Bardale, Somalia, watu 6 wakafa, na Ethiopia ikakubali ni askari wake waliofyatua, hawakuwa na taarifa ya ndege hiyo wakadhani imekuja kujilipua. Unaona, ni kosa lile lile kabisa. Kwa hiyo kama unapanda ndege ya kukodi kwenda uwanja mdogo ulio mikononi mwa askari, uliza, nani ameongea na kamanda wa kule, na tukichelewa, ile saa mpya imefika kwake? Ofisa mzuri wa safari nimemuona kwa macho yangu, akiambiwa mafuta yamechelewa anachukua simu kabla hata hajalalamika, anataja saa mpya, aina ya ndege, rangi ya mkia, anasubiri mtu wa upande wa pili arudie maneno hayo hayo, ndo anakata. Asiyefanya hivyo, mi sipandi ndege yake.

Turudi kwenye mikanda maana hapo ndo kwenye kazi yangu. Vita inaua ndege kwa njia za kawaida kabisa: uchovu, haraka, uzito, ukungu. Vita Kuu ya Pili, Marekani ilipoteza karibu watu 15,000 wa jeshi la anga kwenye ajali za ndani ya nchi yake yenyewe, adui hayupo. Marubani wa B-17, ndege za kudondosha mabomu, walikuwa wakitua salama halafu wanakunja magurudumu badala ya flapu, vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyosaidia kutua, kwa sababu swichi mbili zinafanana na ziko jirani, mpaka mwanasaikolojia Alphonse Chapanis akapendekeza moja iwe na kichwa chenye umbo la gurudumu na nyingine umbo la bawa. Watu wamechoka, unawatengenezea kitu ambacho mkono unakitambua hata gizani.

Mkanda nao unautambua kwa mkono. Ukishakaza ratcheti, ile klachi ya kuvutia mkanda, unaupiga kwa kiganja, ulioshika unatoa mlio mfupi mkavu, uliolegea unabonyea tu kimya. Unapitisha vidole kingoni kutafuta nyuzi zilizochanika. Unaangalia pembe, mkanda uliosimama wima unazuia gari lisiruke juu lakini hauzuii lisiserereke nyuma, na ndege ikinyanyua pua kupaa uzito wote unataka kwenda nyuma. Pale Bagram walikuwa na magari matano ya deraya, mazito mno, na utaratibu wa ufungaji ulioandikwa kwenye vitabu vya kampuni haukuwa sahihi kwa mzigo wa namna ile. Kinasa sauti kilionyesha wale wafanyakazi waliongelea mkanda uliokatika safari iliyotangulia. Mkanda ukikatika ni taarifa, ule mzigo ulisogea, unashusha unaanza upya, hata kama mkubwa anapiga kelele kwamba tunachelewa.

Wewe abiria hutapiga mikanda, ila angalia: mzigo uliopo kabini una neti? Mlango wa dharura umezibwa na maboksi? Mmepimwa uzito nyie na mabegi? Kama hamkupimwa kwenye ndege ndogo inayoruka kwenye kiwanja kifupi cha vumbi, una haki ya kushuka. Vaa viatu vya kufunga, na pasipoti na dawa zako zikae mwilini.

Kwa mnaobaki nyumbani, apu ya kufuatilia ndege ikionyesha mtu wenu amerukia nchi nyingine ghafla au anazunguka duara, msianze kulia, karibu na maeneo ya vita GPS inachezewa na ndege zinaonekana sehemu ambazo hazipo. Pigeni simu kampuni.

Na likitokea la kutokea, msisaini karatasi ya kuachia madai wiki ya kwanza. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, kwa safari za kimataifa zinazoguswa na mkataba huo, kampuni ya ndege inawajibika kwa kifo cha abiria bila nyie kuthibitisha uzembe, mpaka kiwango cha SDR 151,880 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF) kuanzia mwisho wa Desemba 2024, hata kama aliyefyatua ni askari. Zaidi ya hapo kampuni inaweza kujitetea, ila mwaka 2024 mahakama ya Ontario, Canada, iliamua kampuni ya ile ndege ya Tehran haikuthibitisha kwamba haikuwa na uzembe kwenye kupima hatari kabla ya kuruka. Kesi ifunguliwe ndani ya miaka 2, ikipita imepita. Bima ya safari nayo isome ukurasa wa vitu visivyolipwa, nyingi zinaiacha vita nje, uliza kwa maandishi kama kuna nyongeza ya vita na uilipie kabla hujakata tiketi.