Mtahini anasema kamera yetu ni "jambo la wazi": tutetee vipi rufaa?

Swali: Ombi letu la hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) huko Marekani limekataliwa mara mbili. Kamera yetu hutenganisha rangi za kihisi katika sehemu nne za kumbukumbu kabla ya kubana data. Mtahini amechukua hataza ya zamani yenye kihisi kama chetu na nyingine ya skana ya ofisini inayotenganisha rangi, akasema kuziunganisha ni jambo la wazi, yaani fundi yeyote wa kawaida angelifikiria, hivyo halistahili hataza. Tukikata rufaa, tutaponea wapi?

Jibu: Kwenye sababu ya kuziunganisha. Msijibu hataza mojamoja, kwamba hii haina kile na ile haina hiki. Mtahini hakudai kwamba yoyote ina vyote, na Bodi ya rufaa huitupa hoja hiyo. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex wa 2007, mtahini halazimiki kuonyesha andiko linaloshauri muungano. Hata hivyo, lazima aeleze kwa nini fundi wa kawaida angeufanya. "Ili kuboresha ubanaji" ni tamko tu.

Hapo picha yenyewe inawasaidia. Katika mpangilio wa Bayer, yaani namna vichujio vya rangi vinavyopangwa juu ya kihisi cha kamera, ambao Kodak ilipewa hataza yake 1976, nusu ya vitone ni kijani, robo nyekundu, robo buluu. Kila kitone hupima rangi moja, na cha pembeni yake hupima nyingine, kwa hiyo thamani hurukaruka na ubanaji unaotegemea majirani kufanana huvurugika. Mkitenga nyekundu, buluu, kijani cha mistari yenye nyekundu na kijani cha mistari yenye buluu, kila sehemu kati ya hizo nne inatulia. Sasa someni upya hataza ya skana. Ikiwa inapima rangi zote tatu kwenye kila nukta, haina mruko huo hata kidogo. Fundi wa kamera angeifuata kwa lipi?

Jiandaeni pia kwa pigo hili: sababu ya kuunganisha si lazima iwe tatizo lile lile mlilolitatua ninyi. Kasi ya kusoma kumbukumbu, kwa mfano, yaweza kutosha, basi ijibuni mapema.

Mkiwa na vipimo vya maabara, viwasilisheni kwa kiapo kabla ya notisi ya rufaa; baada yake ushahidi mpya hupokelewa kwa nadra. Kutoka notisi mna miezi miwili ya kuleta hoja za maandishi, na hoja msiyoiandika humo mmeipoteza.